Kazi ya rubani haipatikani kwa kukariri majibu



Leo ninataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine watasema halituhusu: namna kijana anavyojitayarisha kwa mahojiano ya kazi ya urubani katika kampuni ya ndege ya kanda yetu, yaani zile kampuni zinazoruka kati ya miji ya Kongo na nchi jirani. Utaniambia: sisi tunatafuta turubai na unga, wewe unatuletea habari za marubani? Ninajibu kwamba ndiyo, na sababu ninazo.

Kwanza, hapa Ituri ndege si anasa. Barabara ya taifa namba 27 inayopanda Mahagi, na ile ya namba 4 inayoenda Beni, zimekula watu wetu wengi. Mgonjwa akizidiwa, ukoo unachanga, anapandishwa ndege. Dawa za hospitali, wafanyakazi wa misaada, hata mwanafunzi anayeenda kusoma Kinshasa, wengi wanapita angani kwa sababu chini hakupitiki. Na wakati uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa na vita mwishoni mwa Januari 2025, kila mtu wa mashariki alielewa maana ya kufungiwa mlango wa angani.

Pili, kuna familia kati yetu zilizouza ng'ombe, zikauza parseli, ili mtoto aende kusoma urubani Soroti kule Uganda, au Nairobi, au Addis Ababa, au Afrika Kusini. Kijana anarudi na leseni mkononi na deni la ukoo mzima mgongoni. Siku anapoitwa kwenye mahojiano, si yeye peke yake anayeitwa. Baba yuko naye, mashangazi wako naye, na yule mjomba aliyetoa ng'ombe wa mwisho kabla ya kukimbia kijiji yuko naye.

Hapo ndipo wazazi wanaponiuliza: «Ndugu mwandishi wa habari, wewe unajua watu, tumwone nani?» Ninawaelewa. Lakini kwa maoni yangu swali hilo limebisha mlango usiokuwa wenyewe. Tunawatafutia watoto wetu mtu wa ndani, tunawanunulia suti, tunawakaririsha majibu yaliyotolewa kwenye intaneti. Lile ambalo mahojiano ya rubani yanalitafuta kweli, hatuwafundishi. Nalo ni hili: kusema kweli mbele ya mkubwa, hata kama kweli hiyo inamgharimu yule anayeisema. Na tusisahau kwamba sisi wenyewe ndio tutakaokaa nyuma, kwenye viti vya abiria.

Tuanze na dosiye

Kongo ni mwanachama wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, OACI, lililozaliwa kutokana na mapatano ya Chicago ya mwaka 1944. Sheria zake za msingi hazina siri. Leseni ya rubani wa biashara inadai umri usiopungua miaka 18 na saa 200 za kuruka, au saa 150 kama mtu amesoma kwa mfululizo katika shule iliyokubaliwa na mamlaka. Leseni ya juu, ile ya kumwezesha mtu kuwa komandanti wa ndege kubwa ya abiria, inadai miaka 21 na saa 1,500. Juu ya hayo kuna cheti cha daktari cha daraja la kwanza, ambacho kwa kawaida kinafanywa upya kila mwaka, na ruhusa ya kuruka kwa kufuata vyombo pale macho yasipoona kitu kwa sababu ya mawingu.

Kijana wa saa 200 anaomba nafasi ya kopiloti. Haombi ukomandanti. Kwa hiyo asione aibu kwa saa zake chache. Wanaomhoji wanajua vizuri kwamba ni chache, maana nao walianza hivyo.

Lakini aibu hiyo ndiyo inayozaa kosa la kwanza: saa za kalamu. Hizi ni saa ambazo hazikurukwa angani, zimerukwa mezani. Mtu anachukua kitabu chake cha saa, anaongeza 40 hapa, 60 pale, apate kuonekana mkubwa. Hajui kwamba ndege nayo ina vitabu vyake, na shule ina vyake, na vinaweza kulinganishwa. Hajui pia kwamba mhoji mwenye uzoefu hahitaji hata kulinganisha. Anafungua ukurasa wowote, anaweka kidole kwenye mstari mmoja, anauliza kwa upole: «Siku hii ulitoka hapa ukaenda pale. Upepo ulikuwaje? Ulitua kwa upande gani wa uwanja?» Aliyeruka atakumbuka, au atasema kwa utulivu kwamba hilo amelisahau lakini anakumbuka hiki na kile. Aliyeandika kwa kalamu ataanza kumeza mate.

Matayarisho ya hapa ni rahisi na hayana gharama. Keti siku mbili na kitabu chako. Jumlisha upya kila ukurasa. Ukikuta hesabu imekosewa, irekebishe kwa uwazi, na uwe tayari kusema mwenyewe kwamba uliirekebisha. Kisha chagua safari kumi zilizokufundisha kitu na uzikumbuke vizuri: ile ambayo mvua ilikurudisha, ile uliyotua vibaya na mwalimu akakugombeza, ile ya kwanza uliyoruka peke yako.

Sasa neno kwa watoto wa familia zilizohama. Wengi wenu vyeti viliungua na nyumba, au vilibaki njiani. Wengine jina limeandikwa namna tatu: kwenye diploma ya serikali hivi, kwenye pasipoti vile, kwenye leseni namna nyingine, kwa sababu kila karani aliandika alivyosikia. Usingoje kuitwa ndipo uanze kukimbia. Hati ya kupoteza vyeti, nakala ya diploma kupitia ofisi za elimu, barua ya shule ya urubani inayothibitisha saa zako: hivyo vyote vinachukua muda mrefu, na kampuni ikikuita inaweza kukupa siku chache tu.

Na miaka ile ambayo hukusoma kwa sababu mlikuwa mnakimbia, usiifiche kwa kubuni kazi ambayo hukuifanya. Sema: «Kati ya mwaka fulani na fulani familia yetu ilikuwa kambini. Nilibeba mizigo sokoni, nilifundisha watoto hesabu, nikarudi shuleni mlango ulipofunguka.» Sema bila kuomba huruma, kisha nyamaza. Mtu aliyeongoza wadogo zake usiku kucha porini bila kupiga kelele ana kitu ambacho kampuni ya ndege inakitafuta. Ila anapaswa kukisema kama ukweli wa maisha yake, asikifanye kibakuli cha kuombea.

Maswali ya ufundi

Baada ya dosiye, mara nyingi kuna mtihani wa maandishi na maswali ya ana kwa ana: hali ya hewa, sheria za anga, uzito, nguvu za injini, ramani. Hapa vijana wengi wanapotea kwa kukariri. Wanameza majibu mia tano bila kuelewa hata kumi.

Nitatoa mfano mmoja wa hapa hapa, ili hata mama anayeuza maharagwe sokoni aone kwamba si uchawi. Uwanja wetu wa Bunia uko juu, zaidi ya meta 1,200 kutoka usawa wa bahari. Marubani wanahesabu kwa futi, kwa hiyo tuseme futi 4,000. Kufuatana na kipimo cha kawaida kinachotumika duniani, hewa ya usawa wa bahari ina joto la digrii 15, nalo linapungua digrii 2 kwa kila futi 1,000 unazopanda. Basi kwenye futi 4,000 joto la kawaida lingekuwa digrii 7. Lakini saa saba mchana hapa tunaweza kuwa na digrii 27. Tumezidi kwa digrii 20. Kanuni ya haraka ya marubani inasema kila digrii moja ya ziada ni kama kuongeza futi 120. Mara 20, ni futi 2,400. Jumla yake futi 6,400.

Maana yake nini? Ndege iko Bunia, lakini injini na mabawa yanajisikia kama yako kwenye kilima cha futi 6,400. Hewa imekuwa nyepesi. Injini inapata nguvu kidogo, mabawa yanabeba kidogo, ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, na ikishainuka inapanda polepole. Kijana aliyekariri ataishia kwenye hesabu. Kijana aliyeelewa ataendelea bila kuulizwa: «Kwa hiyo nitapunguza mzigo, au nitangoja ubaridi, au nitaomba tuondoke asubuhi.» Hesabu inampa namba tu. Mhoji anangoja kusikia ataamua nini na namba hiyo.

Na uamuzi huo ndio unaotuhusu sisi. Tarehe 8 Januari 1996, ndege ya mizigo aina ya Antonov 32 ilishindwa kuinuka kwenye uwanja wa N'Dolo, Kinshasa, ikaingia ndani ya soko la Simbazikita. Ilikuwa imebeba mzigo kupita kiasi. Zaidi ya watu 200 walikufa, na karibu wote walikuwa watu wa sokoni, ambao siku hiyo hawakuwa na safari yoyote ya ndege. Goma nayo inakumbuka Aprili 2008, ndege ya abiria iliposhindwa kuruka ikaingia katika nyumba na maduka ya Birere. Inakumbuka tena Novemba 2019, ndege ndogo iliyokuwa inakuja Beni ilipoanguka mtaa wa Mapendo muda mfupi baada ya kuinuka. Tangu mwaka 2006, Umoja wa Ulaya umezikataza kampuni za Kongo kuruka katika anga yake kwa sababu za usalama. Tunaweza kukasirika, lakini hasira haitatuondoa kwenye orodha hiyo. Tutaondolewa na kazi safi, na kazi safi inaanza siku mtu anapoajiriwa.

Mfano mwingine wa hesabu ya kichwani: uko futi 21,000, unatakiwa kufika futi 6,000 karibu na uwanja. Utaanza kushuka umbali gani? Unapoteza futi 15,000. Kanuni ya marubani ni maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000. Basi ni maili 45. Jifunze kufanya hesabu kama hizo ukitembea, ukichota maji, ukingoja foleni. Siku ya mahojiano sauti itakuwa inatetemeka, na hesabu iliyozoea kufanyika njiani haitakukimbia.

Kiingereza bila aibu

Sisi ni watu wa Kiswahili, Kifaransa na lugha za nyumbani. Lakini ndege inayotoka Bunia kwenda Entebbe inakutana na mnara unaosema Kiingereza. OACI inapima Kiingereza cha rubani kwa ngazi 6, na anayetaka kuruka kimataifa anapaswa kufika angalau ngazi ya 4. Ngazi ya 4 haidai usemi wa Mwingereza. Inadai ueleweke, uelewe, na pale usipoelewa uweze kuuliza tena.

Sikilizeni hilo la mwisho, vijana. Kuuliza tena ni sehemu ya mtihani. Sisi tumezoea kuitikia «ndiyo, ndiyo» mbele ya mkubwa hata kama hatukusikia, ili asituone wajinga. Angani «ndiyo» ya namna hiyo inaua. Mhoji akikuuliza swali usilolielewa, sema: «Samahani, naomba urudie.» Hutapoteza chochote. Ukijibu swali ambalo hakuuliza, umemwonyesha namna utakavyomjibu mtu wa mnara siku ya mawingu mazito.

Mashine inayoiga ndege

Kampuni nyingi zinamweka mwombaji kwenye simuleta, mashine inayoiga ndege, akae na rubani mwingine. Kijana anaogopa kwamba akikosea kidogo amekwisha. Si hivyo. Wanaojua kazi hii wanajua kwamba mtu ambaye hajawahi kukalia ndege ile hawezi kuirusha kama mzoefu. Wanatazama vitu vingine. Akikosea, analiona kosa lake? Analisema? Analirekebisha bila kupoteza akili? Injini moja ikizimwa, anakumbuka mpango wa zamani wa marubani wote: kwanza shikilia ndege iruke, pili jua unaenda wapi, tatu ndipo uongee na watu? Mwenzake akimwambia kitu, anasikia au anajifanya shujaa?

Asiye na pesa ya kukodi mashine hiyo kwa mazoezi asikate tamaa. Chora vyombo vya ndege kwenye karatasi, ubandike ukutani, ukae mbele yake kwenye kiti cha plastiki. Taja kwa sauti hatua za kuondoka, za injini kuzimika, za kuacha kutua na kupanda tena. Gusa kila chombo kwa kidole. Mdogo wako akushikie karatasi ya hatua na akukatize: «Kaka, umeruka moja!»

Heshima na ukimya

Sasa nifike kwenye kiini cha maoni yangu. Karibu katika kila mahojiano ya kopiloti litakuja swali la namna hii: «Komandanti wako ni mtu mzima, ana miaka 25 ya kazi. Mzigo umezidi, au mvua ya radi imefunika uwanja, na yeye anasema twende. Utafanya nini?»

Mtoto aliyelelewa vizuri nyumbani kwetu anashikwa na kigugumizi. Tumemfundisha kwamba mkubwa hakosolewi mbele ya watu. Mkubwa akiongea, unatazama chini. Hayo ni malezi mazuri mezani. Ndani ya chumba cha marubani yanaweza kuwa kaburi la watu wote.

Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, Uhispania, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana uwanjani katikati ya ukungu. Watu 583 walikufa, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege mbili kugongana iliyoua wengi kama hiyo. Komandanti wa ndege moja alikuwa mtu mwenye jina kubwa katika kampuni yake. Alianza kukimbiza ndege bila ruhusa ya kuruka. Fundi wa ndege aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka njiani. Mkubwa akajibu kwamba imetoka. Mdogo hakusisitiza tena. Baada ya ajali hiyo na zingine zilizofanana nayo, kampuni za ndege duniani zilianza kuwafundisha marubani wadogo kusema, na wakubwa kusikiliza.

Kwa hiyo jibu la swali lile si «nitamheshimu komandanti,» wala si «nitampokonya usukani.» Kuna ngazi, na kila ngazi ina maneno yake. Unaanza kwa kuuliza: «Mkubwa, umeona uzito huu?» Asipojibu, unasema wasiwasi wako waziwazi: «Mkubwa, tumezidi kilo 300, sina amani na hili.» Kisha unatoa njia: «Ninaomba tuteremshe mifuko hii, au tungoje.» Kama mko chini na bado anakataa, unasema hapana, huondoki. Kama mko angani na hatari iko mbele ya macho, unatumia maneno ya amri ambayo kampuni imewafundisha wote wawili. Heshima ipo tangu mwanzo mpaka mwisho. Ukimya ndio usiokuwapo.

Hilo halijifunzwi usiku mmoja kabla ya mahojiano. Linajifunzwa nyumbani. Baba, siku mwanao au binti yako akikwambia «Papa, hapo umekosea hesabu,» usimnyamazishe. Umwambie akuonyeshe. Mama, mwache kijana afanye mazoezi kwako: wewe uwe komandanti mkali, yeye akukatalie kwa adabu. Mtacheka mara ya kwanza. Mara ya tano ulimi wake utakuwa umezoea. Na mabinti msiwasahau katika mazoezi haya, maana wao ndio tuliowafundisha kunyamaza kuliko wote.

Wenye kuuza nafasi

Kila penye kazi chache pana komisionere. Atapiga simu: nafasi ipo, dosiye iko mezani kwa mkubwa, toa dola kadhaa za kuisukuma. Kwa familia iliyo kambini, dola hizo ni chakula cha miezi. Ushauri wangu ni mfupi: usitoe. Anayetaka pesa kwa simu kabla hujaiona ofisi, barua wala mkataba, anauza upepo. Nenda kwenye ofisi ya kampuni yenyewe, au tuma ndugu aliye katika mji huo, aulize kama tangazo ni la kweli.

Kuna kitu tofauti ambacho ni cha kweli na lazima ukiulize: nani atalipa mafunzo ya aina ya ndege utakayoirusha? Mafunzo hayo yana gharama kubwa. Kuna kampuni zinazoyalipa na kumfunga rubani kwa mkataba wa miaka, akiondoka mapema anarudisha pesa. Si wizi, lakini soma kila mstari kabla ya kutia sahihi. Kuuliza mshahara, mapumziko na mkataba mwishoni mwa mahojiano si utovu wa adabu.

Najua wengine wananijibu: «Ndugu, wewe unaota. Kongo bila mtu wa ndani hupati kazi. Na kopiloti akimkatalia mkubwa, kesho yuko nje.» Sitawadanganya. Yanatokea. Kuna atakayesema kweli akakosa nafasi, na jirani yake mwenye mjomba akaipata. Inauma, na kwa familia yenye deni inauma mara mbili.

Lakini tuangalie mpaka mwisho. Mjomba anaweza kukuingiza ofisini, hawezi kukaa nawe angani. Hewa nyepesi ya saa saba mchana haijui ukoo wako. Mtu aliyeingia kwa saa za kalamu, siku atakapoambiwa na mwenye mzigo «ongeza mifuko kumi tu,» atasemaje hapana? Tayari ameonyesha kwamba kweli yake ina bei. Na aliyekataa leo katika kampuni moja, kitabu chake cha saa kikiwa safi, bado anaweza kubisha Kinshasa, Kigali, Nairobi au Addis Ababa. Aliyekamatwa na uongo katika kitabu, neno linamtangulia, maana dunia ya marubani ni ndogo kama kijiji.

Ninazo pia kauli mbili kwa wakubwa. Kampuni zetu: mkimwuliza kijana kama atasema hapana, basi siku atakaposema msimfukuze. La sivyo swali lenu ni mchezo wa kuigiza. Na mamlaka ya usafiri wa anga, AAC: kopiloti aliyeripoti mzigo uliozidi apewe ulinzi, na habari yake isimrudie kama adhabu. Sisi abiria nasi tuna sehemu yetu. Rubani akitangaza kwamba hatuondoki kwa sababu ya mvua, tunapiga kelele, tunamtukana, tunasema tumelipa. Siku hiyo tumwambie asante, tukae chini tungoje.

Kwa hiyo, kwa yule kijana ambaye barua imemfikia wiki hii: jumlisha kitabu chako, panga vyeti vyako, fanya hesabu ya Bunia mpaka uielewe, zungumza Kiingereza kila siku na mtu yeyote anayekijua, bandika vyombo ukutani, na kila jioni mwombe mkubwa mmoja wa nyumbani akulazimishe kukosea, nawe umkatalie kwa heshima. Shati liwe safi, suti si lazima. Ulale mapema.

Na ninyi wazazi, mkimsindikiza mpaka kwenye basi au kwenye pikipiki, msimwambie «usirudi bila kazi.» Neno hilo ndilo linalomfundisha kudanganya. Mwambieni aseme kweli, kisha arudi atueleze walimwuliza nini.